Pikipiki Mpya Ikikugomea: Namna ya Kudai Haki kwa Aliyekuuzia

Huku Mwera, wilayani Pangani, gari jipya la dukani ni nadra. Chombo kipya kinachonunuliwa, na kinachobeba matumaini ya nyumba nzima, ni pikipiki. Hununuliwa kwa fedha za nazi, kwa mgao wa kikoba, kwa ujira wa shamba la mkonge uliowekwa kidogo kidogo, au kwa mkopo wa kikundi cha vijana kutoka halmashauri. Bei yake inakaribia shilingi milioni tatu, na aina nyingine zinapita hapo. Inapovushwa Mto Pangani kuja upande wa Bweni, kiti kikiwa bado na nailoni, mwenye nayo ameshapanga ada ya shule na bati za nyumba.

Halafu wiki ya pili injini inaanza kuvuja oili, au gia inachomoka njiani, au betri inakufa kila asubuhi. Wengi wetu hapo hufanya mambo mawili: hukipeleka chombo kwa fundi wa kijiweni, kisha hulalamika barazani. Yote mawili humsaidia muuzaji. Fundi akishaifungua injini, duka lina sababu ya kukukana. Na lalamiko la barazani halina tarehe wala saini.

Mwongozo huu ni kwa aliyenunua pikipiki mpya, bajaji mpya au hata gari jipya, akakuta chombo kina kasoro. Haki ya mnunuzi ipo katika sheria zetu. Kinachotuangusha ni kuchelewa na kukosa karatasi.

Kabla hujalipa

Kudai kunaanzia dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Nenda na mtu anayejua pikipiki, na mfanye haya bila haraka.

Washeni injini ikiwa ya baridi, kwa stata na kwa kiki. Iacheni iungurume dakika kumi, kisha mchungulie chini kama kuna tone la oili. Jaribuni gia zote, breki zote mbili, taa, indiketa na honi. Tazameni fremu kwenye maungio kama kuna ufa au alama ya kuchomelewa. Someni mileji: chombo kipya huwa na kilomita chache tu. Ukaguzi huu una uzito wa kisheria pia, kwa sababu ukishaikagua bidhaa, kasoro ambayo ilionekana wazi kwa macho ni vigumu kuidai baadaye.

Kisha linganisheni namba ya chesesi na namba ya injini na zile zitakazoandikwa kwenye risiti. Tarakimu moja ikikosewa, kesho utaambiwa chombo unachokilalamikia si kile walichokuuzia.

Mweleze muuzaji kazi ya chombo, mbele ya shahidi: "Kaka, hii naenda kubebea abiria na mizigo, barabara yetu ni ya vumbi na mchanga, masika ni tope." Akisema itafaa, mwombe aandike kwenye ankara. Sheria inampa nguvu zaidi mnunuzi aliyetaja matumizi yake akategemea ujuzi wa muuzaji.

Mwisho, dai karatasi hizi na usitoke bila hizo:

- Risiti ya EFD yenye jina lako, bei kamili, aina ya chombo na namba zake. Kudai risiti hii ni wajibu wako pia, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamwajibisha hata mnunuzi asiyeidai.
- Kitabu au cheti cha waranti kilichojazwa, chenye tarehe ya kuuza na mhuri wa duka.
- Maelezo ya waranti: inadumu miezi mingapi au kilomita ngapi, inahusu vifaa vipi, na sevisi zifanyike wapi.

Hilo la mwisho ni zito kwa mtu wa Mwera. Kutoka Pangani mjini hadi Tanga ni kama kilomita 50, na wewe bado una safari ya kufika Pangani na kuvuka mto. Uliza kama wana fundi anayetambulika aliye karibu zaidi, na kama chombo kikizima kabisa gharama ya kukisafirisha ni ya nani. Jibu liandikwe.

Kama duka ndilo litakalokushughulikia usajili wa TRA, maliza ukaguzi kabla hawajaanza. Kadi ikishatoka kwa jina lako, kukirudisha chombo huleta kazi nyingine ya kuhamisha umiliki, na duka litaona uzito zaidi kukipokea.

Wiki za mwanzo

Kitabu cha chombo hueleza namna ya kukizoeza: mwendo usiozidi kiasi fulani, mzigo mwepesi, na sevisi ya kwanza mapema, mara nyingi baada ya kilomita mia tano na kitu. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu chako, hata kama kijiweni wanasema vingine. Sevisi ya kwanza usiipitishe, na hakikisha mhuri unagongwa.

Katika kipindi hiki acha mishikaki. Abiria watatu kwenye chombo chenye kilomita mia mbili ndiyo hoja ya kwanza ambayo fundi wa duka ataitafuta. Acha pia kuunganisha redio, taa za urembo na honi kubwa, kwa kuwa waya mmoja uliokatwa unatosha duka kuikana waranti ya umeme wote. Keria ya mizigo ikihitaji kuchomelewa kwenye fremu, waulize kwanza, nao wajibu kwa maandishi.

Nunua daftari la shule. Kila siku andika tarehe, mileji, mafuta, mapato na jambo lolote lisilo la kawaida. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo ndilo litakalosema ulipoteza kiasi gani chombo kilipolala.

Kasoro ikijitokeza

Fanya mambo haya kwa mpangilio huu, siku hiyohiyo.

1. Simamisha chombo. Kama kasoro ni ya breki, usukani, tairi au fremu, usikiendeshe hata hatua moja. Hata kama ni ya injini, kuendelea kufanya kazi kutageuzwa kuwa kosa lako.

2. Piga picha na video: oili ilipodondokea, sauti ya injini, mileji ikionekana, namba ya chesesi. Kama kuna shahidi, jina lake liingie kwenye daftari.

3. Pigia duka simu, kisha andika ujumbe uleule kwa WhatsApp au ujumbe mfupi. Simu pekee haitoshi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokewa mahakamani kama ushahidi. Usiufute, na ukibadilisha simu uhamishe kumbukumbu zake.

4. Usiruhusu mtu afungue kitu. Fundi wetu anaweza kuwa hodari kuliko wa duka, lakini hapa si suala la uhodari. Mwombe asikilize na atazame tu, aseme anachodhani, nawe uandike. Boliti isiguswe.

5. Peleka barua ndani ya siku chache. Kasoro ikirudi baada ya kutengenezwa, andika nyingine.

Sheria inasema nini

Sheria mbili zinatosha kuzijua kwa majina.

Ya kwanza ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka enzi za Waingereza. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Masharti haya yamo ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyataja.

Sheria hiyohiyo ina sehemu inayowaumiza wengi. Mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa mbovu na kudai fedha yake, lakini akikaa nayo kupita muda wa kuridhisha bila kusema kwamba ameikataa, huhesabiwa kuwa ameikubali. Baada ya hapo hubaki na haki ya fidia tu, si ya kukirudisha chombo. Sheria haitaji idadi ya siku. Itategemea bidhaa na mazingira. Kwa hiyo mtu anayenyamaza miezi minne akisema "ngoja nione, labda itakaa sawa" anaipunguza haki yake kila asubuhi anapowasha injini.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, kuhusu waranti, na kumuuzia kitu kilichotumika kwa jina la kipya. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Kama chombo ulikinunua Unguja, utafuata sheria na vyombo vya Zanzibar.

Vipi lile bandiko la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Haliwezi kufuta haki yako juu ya kitu kilichouzwa kikiwa kibovu. Usiliogope.

Nchi nyingine zimeweka hesabu kabisa. Huko Marekani, jimbo la Connecticut lilitunga mwaka 1982 sheria ya magari mapya yenye kasoro, likifuatwa na majimbo mengine: gari likitengenezwa mara kadhaa bila kupona, mtengenezaji hulibadilisha au hurudisha fedha. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo inayotuhesabia. Basi hesabu ya mara ngapi umeenda dukani, na chombo kimelala siku ngapi, unaiweka wewe mwenyewe.

Barua ya madai

Barua iwe fupi, ya heshima, isiyo na matusi wala vitisho. Mfano huu unatosha:

*Ndugu Meneja,*

*Yah: Kasoro katika pikipiki mpya, chesesi namba ……, injini namba ……*

*Tarehe …… nilinunua dukani kwenu pikipiki iliyotajwa hapo juu kwa shilingi ……, risiti namba ……. Niliwaeleza kwamba itafanya kazi ya kubeba abiria.*

*Tarehe ……, mileji ikiwa ……, injini ilianza kuvuja oili. Niliwajulisha kwa simu na kwa ujumbe siku hiyohiyo. Chombo nimekisimamisha na hakijafunguliwa na fundi yeyote.*

*Naomba mkikague na mnitengenezee bila malipo ndani ya siku saba. Kama kasoro haitengenezeki, au ikirudi, naomba nibadilishiwe chombo au nirudishiwe fedha yangu. Haki zangu nyingine za kisheria zinabaki.*

*Nimeambatanisha nakala ya risiti, waranti na picha.*

*Wako, ……*

Kama kasoro ni kubwa na imejitokeza siku za mwanzo kabisa, mathalani fremu imepasuka au injini imekwama, badili ombi. Andika waziwazi: "Naikataa pikipiki hii na naomba kurudishiwa fedha yangu." Neno hilo la kukataa lina kazi kisheria, lisiachwe liwe la kukisiwa.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge mhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Wakigoma kugonga, piga picha ya barua ikiwa mezani kwao, itume kwa WhatsApp ya duka, na aliyekusindikiza awe shahidi. Nakala halisi za risiti na waranti usizitoe mkononi.

Ukifika dukani

Nenda asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na mtu mmoja mtulivu. Salimia vizuri. Kijana wa mapokezi hakuitengeneza pikipiki ile. Ukimfokea utapoteza mtu ambaye angeweza kukufikisha kwa meneja. Heshima iende pamoja na msimamo: "Dada, sikuja kugombana. Nimekuja na barua, naomba nimwone mwenye uamuzi."

Utasikia hoja hizi, nawe uwe na majibu.

"Umeitumia vibaya." Jibu: "Naomba mniandikie ni matumizi gani mabaya, na mmeyaona kwenye kifaa kipi." Atakayeandika atalazimika kufikiri kwanza. Daftari na mihuri ya sevisi vitakutetea.

"Hiyo ni kawaida, itazoea." Jibu: "Sawa, niandikieni kwamba oili kuvuja ni kawaida kwa chombo hiki, mtie saini." Kama kweli ni kawaida, hawatasita.

"Waranti haihusu kifaa hicho." Jibu: "Onesheni mahali palipoandikwa." Tena, waranti ni ahadi ya ziada ya duka au kiwanda, haiondoi masharti ya sheria juu ya ubora.

"Wasiliana na kiwanda." Jibu: "Fedha nilikupeni ninyi, na risiti ni yenu." Mkataba wa mauzo ni kati yako na aliyekuuzia.

"Kifaa kimeagizwa, subiri." Kusubiri si vibaya, ila kuwe na tarehe. Omba iandikwe, na uulize kama watakuazima chombo kingine wakati huo.

Ukikubali wakitengeneze, usikiache chombo ukaondoka mikono mitupu. Dai karatasi ya kukipokea inayoonesha tarehe, mileji, kasoro uliyoieleza na vitu vilivyomo. Siku ya kukichukua, dai karatasi inayosema walikuta nini na walibadilisha kifaa gani. Kijaribu hapohapo kabla ya kutia saini. Ukipewa hati iliyoandikwa "nimeridhika na sina madai mengine", usiitie saini kama hujaridhika.

Tunza tiketi za daladala na za kivuko na risiti ya kusafirisha chombo. Ni sehemu ya hasara yako.

Nani hasa anadai?

Kwa bodaboda swali hili ni la lazima, kwa sababu mara nyingi anayeendesha siye aliyenunua. Anayedai ni yule ambaye jina lake liko kwenye risiti na mkataba wa mauzo. Kama unaendesha kwa hesabu, au chombo ni cha mkataba ambacho kitakuwa chako ukimaliza kulipa, mjulishe mwenye chombo siku hiyohiyo, kwa ujumbe, kisha mwende pamoja dukani. Kubalianeni mapema hesabu ya siku chombo kilipolala itakuwaje. Ukinyamaza, lawama itakurudia wewe dereva.

Kama ni mkopo, usiache kulipa rejesho kwa hasira. Mkopo na ubovu wa chombo ni mambo mawili, na mkopeshaji anaweza kukinyang'anya wakati ukiwa na haki kabisa dhidi ya duka. Mwandikie, mweleze kasoro, mwombe akuongezee muda. Kama kampuni ya mkopo ndiyo iliyonunua kwa jina lake, basi yenyewe ina sababu ya kulibana duka. Isukume ifanye hivyo.

Kama ni chombo cha kikundi, kikao kiandike muhtasari na kimteue mtu mmoja wa kuzungumza na duka. Na pale kijiweni ulizaneni. Zikipatikana pikipiki tatu za toleo moja zenye ufa palepale, nendeni pamoja, na taarifa ifike pia kwa Shirika la Viwango, TBS, kwa maana hapo ni suala la usalama wa wengi.

Wakikataa

Siku ulizotoa zikipita bila jibu, panda ngazi moja baada ya nyingine.

Anza na afisa biashara wa halmashauri na msaidizi wa kisheria wa wilayani kwako. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kazi yao ni kumsaidia mtu asiyemudu wakili. Barua moja inayoonesha kwamba hauko peke yako mara nyingi hubadili sauti ya duka.

Kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Andika mtiririko wa matukio kwa tarehe, ambatanisha nakala zote, sema unataka nini. Tume ina uzito hasa pale duka lilipodanganya, lilipokana waranti yake, au linapojificha nyuma ya bandiko la kutopokea bidhaa.

Polisi si mahali pa kasoro ya kawaida. Hayo ni madai. Lakini kama umegundua chombo kilikuwa kimetumika kikapakwa rangi, au namba ya chesesi imechezewa, hapo kuna jinai, nenda ukaripoti.

Ngazi ya mwisho ni mahakama, nayo isikutishe. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa hiyo pikipiki na bajaji zinaingia humo. Si lazima uwe na wakili, na kila kitu ni kwa Kiswahili. Kwa kawaida shauri hufunguliwa mahali anapofanyia kazi mdaiwa au mkataba ulipofanyika. Kama ulinunua Tanga mjini, karani wa mahakama ya huko atakuelekeza. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, ila usiutegemee ukomo huo: mashahidi husahau na maduka hufungwa.

Hakimu hatasikia injini ikigonga. Atasoma risiti, waranti, barua yenye mhuri, ujumbe wa simu na daftari. Mwenye hivyo vitano ana kesi. Asiye navyo ana hadithi.

Kila duka lililozoea kuuza kibovu na kunyamaza limefundishwa hivyo na sisi wateja, tulioinamisha kichwa tukarudi na chombo kibovu. Ukidai kwa adabu, kwa maandishi na mapema, unamsaidia pia jirani atakayeenda kununua baada yako. Kwa hiyo leo, kabla hata chombo hakijaharibika, itafute risiti yako, ipige picha uitume kwa mtu unayemwamini, na ununue lile daftari.